Waziri Alipodai Ushahidi: Historia ya Hoja Moja ya Élisabethville

Mji wa Lubumbashi, ambao hadi mwaka 1966 uliitwa Élisabethville, umesimuliwa mara nyingi kwa habari za shaba, za reli na za maasi ya wafanyakazi, na simulizi hizo zinastahili kusimuliwa. Lakini habari ninayokusudia kuieleza hapa ni habari ya hoja, tena hoja fupi iwezayo kutamkwa kwa pumzi moja, ambayo Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga, aliitoa mbele ya waandishi wa habari tarehe 13 Februari 1961, na ambayo ilikaa miaka 40 kabla ya kupata jibu lililotimia. Wanaofundisha mantiki aghalabu huonyesha ghalati za hoja kwa mifano ya kubuni, yenye watu wasiokuwapo wanaobishana juu ya mambo yasiyomdhuru mtu, na mwanafunzi hutoka darasani akidhani kwamba hoja batili ni mchezo wa maneno ambao mwerevu huufichua huku akitabasamu. Hoja ya Munongo haikuwa mchezo, kwa maana nyuma yake walikuwako watu watatu waliouawa.

Nayo haikuzuka peke yake. Masikio ya mji yalikuwa yamekwisha kuzoezwa kwa miaka mitatu au minne. Uchaguzi wa kwanza wa mabaraza ya mji ulipofanyika mwezi wa Desemba 1957, na umeya wa mitaa ya Waafrika ukaangukia zaidi mikononi mwa watu waliotoka nje ya Katanga, hususa Wakasai, palizuka kilio kwamba wenyeji wametekwa na wageni. Mwaka uliofuata kikaundwa chama cha CONAKAT, ambacho Moïse Tshombe alikuja kukiongoza, kikidai kuwatetea wale kiliowaita Wakatanga wa kweli. Msomaji na aitazame hoja hiyo ilivyojengwa. Ni kweli kwamba Wakasai walikuwa wengi katika ukarani, katika reli na migodini. Lakini waliokwenda kuwatafuta kwao, wakawaandikisha na kuwasafirisha, walikuwa Union Minière, kampuni iliyoasisiwa mwaka 1906, pamoja na mawakala wa kuajiri na shirika la reli, kwa sababu migodi ilihitaji mikono na kusini mwa Katanga hakukuwa na watu wa kutosha. Wasemaji wa chama walisema sehemu ya kwanza ya habari wakainyamazia ya pili, na msikilizaji aliyepewa nusu ya sababu akaijaza nusu iliyobaki kwa chuki yake mwenyewe. Katika hoja zote za zama zile hii ndiyo iliyoishi umri mrefu kuliko nyingine, kwa kuwa mwaka 1992 na 1993 ilitolewa tena kabatini, haikubadilishwa hata vazi, Wakasai walipofukuzwa Katanga kwa maelfu, wengi wao wakiwa wamezaliwa papo hapo.

Kisha ukaja mwezi wa Julai 1960. Uhuru wa Kongo ulipatikana tarehe 30 Juni. Tarehe 5 Julai askari wa Force Publique, jeshi ambalo maofisa wake walikuwa Wabelgiji watupu, wakaasi baada ya kamanda wao, Jenerali Janssens, kuwaandikia ubaoni kwamba mambo baada ya uhuru yatakuwa yale yale ya kabla ya uhuru. Maasi yakaifikia Élisabethville, wanajeshi wa Ubelgiji wakaingia mjini, na jioni ya tarehe 11 Julai Tshombe akatangaza kwa redio kwamba Katanga ni dola huru. Sababu alizozitoa zilikuwa mbili, na zote mbili zinafaa kuwekwa katika kitabu cha mafunzo. Ya kwanza ni kwamba uhuru ulitangulia na machafuko yakafuata, basi serikali ya Patrice Lumumba ndiyo iliyoyazaa machafuko hayo, kana kwamba kutangulia kwa jambo kunatosha kuwa ni sababu ya lililofuata, na kana kwamba ubao wa Janssens haukuwapo. Ya pili ni kwamba mtu hana ila njia mbili, ama ajitenge pamoja na Katanga, ama aangamie pamoja na Kongo katika ukomunisti na fujo. Njia ya tatu, nayo ni kubaki ndani ya Kongo na kudai utawala wa majimbo, ambayo Wakatanga wengi waliitaka, hasa Baluba wa kaskazini waliokuwa na chama chao cha Balubakat, haikutajwa katika hotuba. Gazeti kubwa la mji, L'Essor du Congo, likageuza jina likawa L'Essor du Katanga, na jina peke yake likawa hoja: mwenye kulinunua asubuhi alikwisha kulikubali dola ambalo hakuna serikali yoyote duniani, hata ile ya Ubelgiji, iliyolitambua rasmi.

Hoja hizo hazikukaa Élisabethville tu. Dola hilo lilikuwa na ofisi yake ya habari mjini New York, na mwishoni mwa mwaka 1961, majeshi ya Umoja wa Mataifa yalipokuwa yakipigana na askari wa Tshombe, marafiki zake Wamarekani walilipia tangazo la ukurasa mzima katika gazeti kubwa la mji ule, wakiifananisha Katanga na Hungaria ya mwaka 1956. Ulinganisho huo ulikuwa mzuri kwa machozi na mbaya kwa akili. Hungaria ilikuwa nchi iliyovamiwa na jeshi la dola kubwa la kigeni. Katanga ilikuwa jimbo la nchi, lililosimamishwa kwa fedha za kampuni ya kigeni na kwa bunduki za maofisa wa Kibelgiji na mamluki, na waliotumwa kuliondolea mamluki hao walikuwa askari wa Bara Hindi, wa Ethiopia, wa Uswidi na wa nchi nyingine, kwa amri ya Baraza la Usalama. Mfanano uliobaki ni mmoja: kote kuwili palikuwa na majeshi.

Sasa twende kwenye kiini. Tarehe 17 Januari 1961, alasiri, ndege ilitua katika uwanja wa Luano, ikiwa imemchukua Lumumba, waziri mkuu aliyepinduliwa, pamoja na Maurice Mpolo, aliyekuwa waziri wa vijana, na Joseph Okito, makamu wa rais wa Seneti. Kutoka mbali kidogo askari wa Kiswidi wa Umoja wa Mataifa waliokuwa zamu uwanjani waliwaona watu watatu wamefungwa vitambaa machoni wakishushwa, wakipigwa kwa vitako vya bunduki, wakatiwa garini na kuondolewa. Walipelekwa katika nyumba ya Mbelgiji mmoja iliyojulikana kwa jina la villa Brouwez, wakapigwa tena, mawaziri wakaja kuwatazama. Na usiku ule ule, mbele ya Tshombe na Munongo na wenzao, na mbele ya maofisa wa Kibelgiji waliokuwa wakiitumikia Katanga, walipigwa risasi mmoja mmoja porini, mahali paitwapo Shilatembo, kiasi cha kilomita 50 kutoka mjini, kwenye njia iendayo Likasi. Siku zilizofuata maiti zao zilifukuliwa, na kamishna wa polisi wa Kibelgiji, Gérard Soete, akiwa na msaidizi, akazikatakata na kuziyeyusha katika asidi.

Nimeyatanguliza haya ambayo siku zile watu wachache tu waliyajua, ili msomaji asikilize yafuatayo kwa masikio mawili. Serikali ya Katanga ilikuwa imetangaza kwamba mahabusu hao wamekabidhiwa kwake. Kisha kwa zaidi ya majuma matatu hakuna mtu wa nje aliyeruhusiwa kuwaona. Tarehe 10 Februari ikatangazwa kwamba wametoroka: wametoboa ukuta wa nyumba ya shamba walimofungwa, wamewashinda nguvu walinzi wawili, wameondoka kwa gari. Vizuizi vikawekwa njiani, zawadi ya fedha ikaahidiwa. Tarehe 13 Munongo akawaita waandishi akawaambia kwamba wakimbizi hao wamekutikana na wanakijiji, wakauawa. Jina la kijiji, akasema, halitatajwa, wasije wafuasi wa Lumumba wakalipiza kisasi. Mahali walipozikwa hapatatajwa, pasije pakawa pa kuzuriwa. Zawadi ya faranga 400,000 itatolewa kwa kijiji hicho. Kikaonyeshwa cheti cha daktari. Akaongeza, kwa uwazi ambao hata wasiompenda waliukiri, kwamba angesema uongo lau angedai kuwa kifo cha Lumumba kimemhuzunisha, na kwamba Lumumba alikuwa mhalifu tu. Halafu akafika kwenye lile neno: alijua kwamba ulimwengu utawashitaki yeye na wenzake kuwa ndio wauaji, na jibu lake kwa washitaki ni kwamba wathibitishe.

Mtu akilisikia neno hilo kwa mara ya kwanza huona lina haki. Sheria zote njema zinamtaka mwenye kudai alete ushahidi, na makadhi wa pwani, kwa kufuata Hadithi mashuhuri, wamehukumu karne nyingi kwa kanuni kwamba ushahidi ni juu ya mdai na kiapo ni juu ya mwenye kukana. Basi Munongo amekosea wapi? Aristotle, aliyeorodhesha aina 13 za hoja za kughilibu, na Al-Farabi na Ibn Sina waliomsherehesha kwa Kiarabu, wasingeliona kosa katika neno lenyewe. John Locke, katika kitabu chake juu ya akili ya binadamu cha mwaka 1690, ndiye aliyeipa jina hila ya kumlazimisha mpinzani aikubali habari yako au alete iliyo bora kuliko hiyo, na kuhesabu kushindwa kwake kuwa ndiyo hujja yako. Hiyo ndiyo hila iliyokuwa pale mezani. Lakini mimi naona kwamba hata Locke hamalizi mambo, kwa sababu yeye alifikiri juu ya mpinzani asiyejua, naye Munongo alishughulika na mpinzani aliyezuiwa kujua.

Tuyapange. Kwanza, Munongo hakuwa mwenye kukana tu; alikuwa mdai, tena mdai mkubwa, kwa kuwa alidai kwamba pana kijiji, pana wauaji, pana makaburi, na kila kimoja katika hivyo kilihitaji ushahidi wake. Pili, hao waliokufa hawakuwa watu waliopotea njiani, walikuwa amana: serikali iliwapokea hai mbele ya macho ya askari wa kigeni, na mwenye kupokea amana ndiye atakiwaye kueleza ilipokwenda, wala haambii watu wengine wathibitishe kwamba ameila. Tatu, na hapa ndipo penye kiini, katika hotuba ile ile, dakika chache kabla ya kudai ushahidi, alikuwa amekwisha kuufunga kila mlango ambao ushahidi ungeweza kupita. Asiyejua jina la kijiji atamhoji nani? Asiyeonyeshwa kaburi atapima nini? Sababu aliyoitoa ya kuficha, huruma kwa wanakijiji, iliundwa kwa ustadi mkubwa, kwa kuwa kadiri ulimwengu ulivyozidi kukasirika, ndivyo ilivyozidi kuonekana ya busara, na hakuna tokeo lolote ambalo lingeweza kuipinga. Cheti cha daktari nacho kilikuwa ni karatasi iliyotaka kuaminiwa kwa muhuri wake, pasipo maiti ya kulinganishwa nayo. Na maneno kwamba marehemu alikuwa mhalifu, hata yangalikuwa kweli, yalijibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Swali lilikuwa ni nani aliyemuua.

Nakiri kwamba katika ukatili wa jambo hili mna kinaya ambacho historia ya Katanga peke yake ingeweza kukitunga. Munongo alikuwa mjukuu wa Msiri, mfalme wa Garenganze, aliyefanya biashara ya shaba na pembe na misafara ya watu wa pwani, na aliyeuawa Bunkeya mwezi wa Desemba 1891 na watu wa msafara wa Kapteni Stairs, uliokuwa umeondoka Zanzibar kwa kazi ya Mfalme Leopold. Habari za kifo hicho zilifika Ulaya kwa kalamu za hao hao waliomuua: wao ndio waliosimulia kwamba Msiri alikuwa jeuri mwenye kustahili mauti, wao ndio waliosema nani alianza kunyoosha silaha. Waziri huyu alilelewa katika ukoo uliojua maana ya muuaji kuwa mwandishi wa pekee wa historia ya mauaji, na miaka 70 baadaye akakaa yeye mwenyewe katika kiti hicho.

Je, aliaminiwa? Mbali na marafiki zake, hakuaminiwa hata siku moja. Cairo na Belgrade watu walishambulia balozi za Ubelgiji. Tarehe 21 Februari Baraza la Usalama likapitisha azimio nambari 161, likidai pamoja na mambo mengine uchunguzi usio na upendeleo. Lakini kutoamini ni jambo moja na kuthibitisha ni jingine, na wengi waliopiga kelele walitumbukia upande wa pili wa shimo, wakisema kwamba kwa kuwa Munongo hakuthibitisha habari ya kijiji, basi kila walichokidhania wao kimekuwa yakini. Hiyo nayo ni ghalati ile ile iliyogeuzwa nje ndani, hata kama safari hii dhana iligonga ukweli. Tume ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa kwa shauri hilo ilikuwa na adabu zaidi. Haikuweza kufanya kazi ndani ya Kongo. Ikahoji mashahidi nje, ikapima maelezo ya kutoroka na kuyaona yamejaa mambo yasiyopatana, na katika taarifa yake ya Novemba 1961 ikasema kwamba uzito wa ushahidi unaipinga habari rasmi, kwamba mahabusu waliuawa tarehe 17 Januari karibu na Élisabethville, kwa uwezekano mkubwa mbele ya wakuu wa serikali ya Katanga, na kwamba kule kutoroka kulikuwa ni mchezo uliopangwa. Msomaji aone jinsi walivyosema: walitaja wanachokijua kwa nguvu kiliyostahili, wakatia neno la uwezekano mahali ambapo ujuzi wao ulikoma. Na kwa kuwa hawakuona maiti wala kaburi, Élisabethville iliendelea kusema kwamba hakuna lililothibitishwa.

Mji wenyewe ulijibu kwa njia yake. Mwaka 1973 na 1974 mchoraji kijana wa Lubumbashi, Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mji huo huo mwaka 1947, alichora historia ya nchi yake katika picha zipatazo 100, akazieleza kwa Kiswahili cha Katanga kwa Johannes Fabian, mwalimu wa chuo kikuu cha hapo. Katika picha ya kifo cha Lumumba hakuna kijiji wala wanakijiji. Wamelala watu watatu, Lumumba ana jeraha ubavuni, na nyuma kwa mbali imesimama misalaba mitatu. Mwenye mantiki kali atasema kwamba misalaba hiyo nayo ni ulinganisho, kama ule wa Hungaria, na kwamba mfanano si ushahidi; sawa, lakini Tshibumba hakuficha kaburi la mtu ili picha yake iaminiwe, wala hakumwambia mtazamaji athibitishe kinyume.

Jibu lililotimia lilitoka walikotoka wauaji wa pili, yaani Ubelgiji. Mwaka 1999 mwandishi wa Kibelgiji, Ludo De Witte, alitoa kitabu kilichochimbua nyaraka za serikali yake; Soete mwenyewe, akiwa mzee, akakiri mbele ya kamera alichokifanya, tena akasema kwamba alijiwekea meno; Bunge la Ubelgiji likaunda tume, na mwezi wa Novemba 2001 tume hiyo ikathibitisha saa, mahali na watu, ikahitimisha kwamba baadhi ya mawaziri wa Ubelgiji wa wakati ule wana dhamana ya kimaadili. Munongo hakuyasikia hayo. Alikuwa mwami, yaani mtawala, wa Bayeke, watu wa Msiri, tangu mwaka 1976, akafa Kinshasa mwezi wa Mei 1992, wakati Mkutano Mkuu wa Taifa ulipokuwa ukikaa kuyachunguza mauaji kama hayo. Tshombe alikuwa amekwisha kufa Algiers mwaka 1969, na sanamu yake sasa imesimama Lubumbashi mbele ya posta. Jino moja lililotwaliwa na mahakama ya Ubelgiji mwaka 2016 kwa binti wa Soete lilikabidhiwa kwa watoto wa Lumumba tarehe 20 Juni 2022, likapitishwa Sankuru, Kisangani na Lubumbashi, likafikishwa hadi Shilatembo, na tarehe 30 likazikwa Kinshasa.

Yale maneno ya tume, dhamana ya kimaadili, yamerudiwa na mawaziri wa Ubelgiji tangu mwaka 2002 hata mbele ya jeneza la jino lile, na nadhani yanastahili kutazamwa kwa jicho lile lile tulilomtazamia Munongo, kwa maana ni maneno yenye kukiri bila kusema kilichokiriwa: mwenye kuyasikia huelewa hatia, mwenye kuyatamka hubaki na heshima yake mbele ya sheria. Familia haikutosheka nayo. Mwaka 2011 ilifungua mashtaka Brussels dhidi ya Wabelgiji 10, na muda ukawapunguza mmoja baada ya mwingine mpaka akabaki hai mmoja, aliyekuwa mwanadiplomasia kijana katika mwaka ule wa 1961. Mwezi wa Juni 2025 mwendesha mashtaka wa shirikisho akaomba apelekwe mbele ya mahakama kwa tuhuma zinazohusu kufungwa na kuhamishwa kwa mahabusu wale. Yeye alikana. Na katika kinywa chake neno la kudai ushahidi halikuwa hila hata kidogo, kwa kuwa alikuwa mshitakiwa mbele ya hakimu, nyaraka zilikuwamo mikononi mwa waliomshitaki, na mzigo wote wa kuthibitisha ulikaa juu ya mabega yao.